Maua ya Kinangop, Kunguni wa Pipeline

Geuza kopo la dawa ya wadudu lililo chini ya sinki yako. Ukishapita picha ya mende aliyelala chali, ukapita na lile onyo la kuweka mbali na watoto, utafika kwenye maandishi madogo ambayo hakuna mtu husoma. Hapo kuna majina mawili au matatu marefu, na karibu yote yanaishia na -thrin. Permethrin, tetramethrin, cypermethrin, ndugu wa baba mmoja. Mkia huo ni mabaki ya neno pyrethrum, yaani pareto, lile ua jeupe lenye kitovu cha manjano ambalo nyanya za wengi wetu kutoka Nyandarua, Nakuru na Kisii walilichuma msimu baada ya msimu, ngozi ikiwasha.

Kwa miongo kadhaa zaidi ya nusu ya pareto iliyouzwa duniani ilitoka Kenya. Mtu akipuliza mbu kule Chicago au London, ilikuwa rahisi sana kwamba kilichomuua yule mbu kilianikwa kwanza pale Molo. Leo ukienda dukani useme "nipe doom" (hata kama kopo lenyewe limeandikwa jina lingine), unauziwa nakala ya lile ua, iliyotengenezwa kiwandani, na shamba lililozaa asili yake huenda siku hizi lina viazi. Nataka kueleza vile tulifika hapo. Lakini lazima nianze na moto.

Kabla ya kopo, Nairobi iliua wadudu kwa kiberiti. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na kufikia 1902 tauni ilikuwa imeingia kwenye Bazaa ya Wahindi, sehemu iliyojaa maduka ya mabati na watu waliobanana. Serikali ya kikoloni iliwatoa watu nje na kuchoma bazaa. Kisayansi, adui alikuwa kiroboto anayeishi kwenye manyoya ya panya, na panya ana miguu, anaweza kuhama akiona moshi. Lakini ni rahisi kuchoma duka kuliko kumfukuza kiroboto. Tauni ilirudi mara kadhaa miaka iliyofuata, na mwaka 1913 profesa mmoja Mwingereza, W. J. Simpson, alipokuja kukagua usafi wa miji ya Afrika Mashariki, dawa aliyopendekeza ilikuwa watu watengwe kwa rangi. Wazungu huku, Wahindi kule, Waafrika mbali kabisa. Ramani ya Nairobi unayoijua, ile ya Muthaiga na Eastlands, ilichorwa kwa sababu nyingi, lakini mojawapo ilikuwa mdudu.

Nadhani ndiyo maana mpaka leo mtu akipata kunguni kwa keja anaficha kama amepata kesi. Atakuambia ana mafua, atakuambia ameachwa, lakini kunguni hakuambii. Tulifundishwa mapema kwamba mdudu ni ushahidi dhidi ya mtu.

Sasa ua. Pareto inayotumika kuua wadudu asili yake ni Dalmatia, pwani ya Kroatia ya leo, inakomea yenyewe kwenye mawe. Karne ya kumi na tisa watu wa Ulaya walikuwa wakiyasaga maua makavu na kuuza unga wa kunyunyiza kitandani. Mbegu zikafika Japani miaka ya 1880 mikononi mwa mfanyabiashara anayeitwa Ueyama Eiichiro, ambaye kwanza alitengeneza kijiti cha kuchoma, kama ubani, cha kufukuza mbu. Shida ya kijiti ni kwamba kinaisha kabla usingizi haujaiva. Mke wake, Yuki, ndiye anayepewa sifa ya wazo la kukizungusha kiwe duara ndani ya duara. Kwa hivyo ile koili ya kijani unayowasha ukiwa ushago, inayokuachia kichwa kizito asubuhi, ni kazi ya mama mmoja wa Kijapani. Kufikia miaka ya 1930 Japani ndiyo ilikuwa mfalme wa pareto duniani.

Kenya ililetewa mbegu mwishoni mwa miaka ya 1920, na walowezi wa maeneo ya Nakuru wakagundua kitu cha ajabu. Pareto haitoi maua vizuri bila baridi. Kule Ulaya inasubiri majira ya baridi yapite, kisha inachanua mara moja kwa mwaka, basi. Lakini ukiipanda mahali palipo karibu na Ikweta na juu mlimani, zaidi ya mita 2,000 hivi, kila usiku ni baridi ya kutosha na kila mchana ni kiangazi. Ua likadanganyika. Likawa linachanua miezi mingi mfululizo, na sumu ndani yake ikawa kali kuliko ya Japani. Kinangop, Molo, Ol Kalou, zile sehemu ambazo mathree ikifika kondakta anafunga dirisha, ndizo zilikuwa dhahabu.

Dawa ya kupuliza nayo ilikuwa imeshaanza kuzoeleka Marekani. Mwaka 1923 kampuni ya mafuta ya Standard Oil ilianza kuuza Flit, dawa ya maji iliyotiwa kwenye pampu ya mkono, ile yenye mpini wa kusukuma na kikopo mbele. Ukiiangalia kwenye picha za zamani inafanana na pampu ya baiskeli iliyomeza bakuli. Mafuta ya taa yaliyosafishwa, pareto ndani, sukuma, sukuma, mbu anaanguka. Ilifanya kazi vizuri, ila ilitaka mkono wenye nguvu na iliacha ukuta na madoa ya mafuta.

Kopo lenyewe, hili la kubonyeza kwa kidole kimoja, lilitoka vitani. Wanajeshi wa Marekani walikuwa wanaenda kupigana kwenye visiwa vya Pasifiki ambako malaria ingeweza kulaza kikosi kizima kabla ya risasi ya kwanza. Watafiti wawili wa wizara ya kilimo ya Marekani, Lyle Goodhue na William Sullivan, walikuwa wakitafuta namna ya kutoa dawa ikiwa ukungu mwepesi unaoelea hewani badala ya matone yanayodondoka. Wazo lao lilikuwa kuyeyusha dawa ndani ya gesi ya friji iliyobanwa hadi ikawa maji. Ukifungua mdomo wa mtungi, gesi inalipuka kuwa hewa na kuitawanya dawa vipande vidogo kuliko vumbi. Jumapili ya Pasaka mwaka 1941 Goodhue alijaribu mchanganyiko wake kwa mende. Mende wakafa. Mitungi ya chuma ikatengenezwa kwa mamilioni, na askari wakaiita bomu la wadudu.

Ndani ya bomu hilo kulikuwa na vitu vitatu vya maana: gesi ya Freon, mafuta ya ufuta, na pareto. Mafuta ya simsim hayakuwa ya kupikia. Yalikuwa yanamzuia mdudu kuivunjavunja sumu mwilini mwake, ili dozi ndogo ifanye kazi ya dozi kubwa. Na pareto, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor Desemba 1941, haingeweza tena kununuliwa Japani. Ilibidi itoke Kenya.

Hapa ndipo huwa nakasirika kidogo. Hadithi ya kopo ikisimuliwa, huwa ni hadithi ya wanaume wawili wenye koti jeupe, maabara, Pasaka na mende. Hakuna mtu anauliza ni nani aliyachuma yale maua. Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha kanuni za kulazimisha Waafrika kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi yaliyokuwa na mazao muhimu kwa vita, na pareto ilikuwa mojawapo. Chifu anapelekewa idadi, chifu anatafuta vijana, vijana wanapandishwa lori. Mlowezi anapata vibarua wa bei ya chini na soko la uhakika kwa wakati mmoja. Kwa wengi wao vita vilikuwa biashara nzuri kuliko amani. Na kuchuma pareto si kazi ya trekta. Ni kuinama kutwa nzima, ua moja baada ya lingine, na huruhusiwi kuchuma lolote tu: sumu iko zaidi kwenye vimbegu vya katikati, kwa hivyo lazima uchague ua lililofunguka kiasi, sio bichi, sio lililochoka. Kisha unarudi baada ya wiki mbili, kwa sababu yale mengine yamefunguka.

Vita vikaisha, mitungi ikabadilika kuwa makopo mepesi ya bati, na kopo likaingia jikoni. Wakati huo huo DDT ilikuwa imetoka jeshini na kila mtu alikuwa ameipenda. Paul Müller, Mswisi aliyegundua mwaka 1939 kwamba inaua wadudu, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Ilikuwa rahisi, ilikaa ukutani kwa miezi, na haikuhitaji mtu wa kuinama shambani. Pareto ilionekana kama imezeeka. Lakini mwaka 1962 Rachel Carson alitoa kitabu chake Silent Spring, watu wakaanza kuuliza DDT inaenda wapi ikishamaliza kazi, na jibu likawa inaenda kwa samaki, kwa ndege, kwa maziwa ya mama. Ghafla lile ua ambalo sumu yake inavunjika kwenye jua kwa muda mfupi likawa ndilo la kisasa. Na Kenya ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu baadaye.

Kabla ya uhuru, pareto ilikuwa kwa sehemu kubwa zao la mzungu. Mpango wa Swynnerton wa 1954, ulioletwa katikati ya Hali ya Hatari, ndio uliofungulia wakulima wengi Waafrika mazao ya pesa kama kahawa, chai na pareto. Kisha mashamba makubwa ya Kinangop na Ol Kalou yakagawanywa kuwa skimu za makazi, na watu waliopewa ekari zao, pamoja na deni la kuzilipia, walihitaji kitu kinacholeta pesa haraka. Pareto ilifaa. Haihitaji maji mengi, haihitaji mashine, na baada ya miezi michache unaanza kuchuma. Hailingani na kahawa inayokufanya usubiri miaka. Kuna nyumba za mabati huko juu, kuna karo za shule za bweni, kuna watu walioenda chuo na wakamaliza (sio kama sisi wengine) kwa sababu ya pareto.

Mfumo ulikuwa hivi. Unachuma, unakausha upesi kabla maua hayajachemka na kuoza, unatia kwenye gunia, unapeleka kwa ushirika, ushirika unapeleka Nakuru kwa Bodi ya Pareto. Kwa sheria Bodi ndiyo ilikuwa mnunuzi. Pale Nakuru kulikuwa na maabara, na hapo maua yako yanapimwa kiwango cha sumu. Kwa kawaida ni asilimia moja na pointi kadhaa hivi. Unalipwa kwa kile kiwango, si kwa uzito peke yake, kwa hivyo magunia mawili yaliyolingana kwenye mzani yangeweza kuleta pesa tofauti. Hebu fikiria imani inayotakiwa hapo. Mzani unauona kwa macho. Asilimia huioni. Unaamini mtu wa Nakuru ambaye hujawahi kumwona, unangoja hundi, na kwa miaka mingi hundi ilikuja.

Huku nyuma wanakemia walikuwa wanalisoma lile ua. Staudinger na Ružička waliochambua muundo wa sumu yake kule Zurich walichapisha kazi yao mwaka 1924, na wote wawili baadaye walipata Nobel kwa kazi zingine. Mwaka 1949 Wamarekani Schechter na LaForge walitangaza nakala ya kwanza ya maana, allethrin. Shida ilibaki ile ile, kwamba jua linaivunja. Ndani ya nyumba hiyo ni baraka, lakini shambani ni hasara. Kisha mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakatoa permethrin, nakala isiyoogopa jua. Hapo mlango ukafunguka. Sumu ya ua ingeweza sasa kutengenezwa bila ua, bila mvua, bila baridi ya Kinangop, bila mama wa Kinangop.

Watu wengi huishia hapo. Wanasema sayansi iliua pareto yetu, pole, ndiyo maendeleo. Mimi sikubali, kwa sababu tarehe hazikubali. Permethrin ni ya 1973. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu miaka ishirini baadaye, wakulima wa Kenya bado walikuwa wanatoa zaidi ya tani 15,000 za maua makavu kwa mwaka. Soko la dawa asilia lilikuwepo na bado lipo, na kuna watu wanaolipa zaidi ili wasipulize kemikali ya kiwandani karibu na mtoto. Kilichoua pareto ya Kenya ni hundi. Ilianza kuchelewa mwezi, ikachelewa msimu, ikachelewa mwaka. Bodi ilikuwa na madeni na usimamizi mbovu, na mkulima ndiye aliyegeuzwa kuwa benki yake bila kuulizwa. Wengine walikufa wakidai. Waliobaki wakafanya hesabu ambayo haihitaji digrii: wakang'oa, wakapanda viazi, wakanunua ng'ombe wa maziwa, kwa sababu maziwa unaweza kumuuzia jirani asubuhi na ukapewa pesa asubuhi hiyo hiyo. Kutoka zile tani elfu kumi na tano tukashuka chini ya elfu moja.

Na wateja hawakutusubiri. Kule Tasmania, Australia, walikuwa wamezalisha aina ya pareto inayochanua yote kwa pamoja, ili mashine ipite shambani mara moja na kumaliza. Sasa wao ndio wakubwa wa dunia. Tanzania nayo ilitupita, ikiwa na kiwanda chake Mafinga. Mwaka 2013 Bunge letu lilipitisha Sheria mpya ya Pareto, soko likafunguliwa kwa kampuni binafsi, na serikali za kaunti zimekuwa zikigawa miche. Ukiongea na wazee wa huko juu, wanaichukua miche kwa adabu, wanasema asante, halafu wanauliza swali moja tu: malipo ni lini?

Turudi kwa keja, kwa sababu kuna mtu mwingine katika hadithi hii ambaye hajaulizwa maoni yake. Kunguni.

Sumu ya pareto, ya asili na ya nakala, inashambulia mishipa ya fahamu. Kwenye mishipa hiyo kuna vilango vidogo vinavyopitisha chembe za sodiamu, vinafunguka na kufunga, na ndivyo ujumbe unavyosafiri mwilini. Sumu inakuja na kukiwekea kilango kigingi kisifunge. Mdudu anapata umeme usiokwisha, anatetemeka, anaanguka chali. Ndiyo maana mende aliyepulizwa anacheza kabla hajafa. Sasa, DDT nayo ilishambulia kilango hicho hicho. Na wadudu waliozaliwa na kilango chenye umbo tofauti kidogo, kisichoshikika, walinusurika DDT, wakazaa watoto wenye vilango kama vyao. Kule Pearl Harbor, kunguni wasiosikia DDT walionekana kwenye mabweni ya wanajeshi mwaka 1947, miaka michache tu baada ya DDT kuanza kutumika. Mwaka 2000 watafiti walitangaza kwamba mbu wa malaria wa Kenya wana badiliko kwenye kilango hicho linalowasaidia kuhimili DDT pamoja na zile -thrin zote. Yaani wadudu walifanya mtihani wa pareto kabla pareto ya kiwandani haijawafikia. Walisomea kwenye DDT.

Kwa hivyo ule usiku wa kwanza kwenye bedsita ya Pipeline, unapoona mstari wa damu kwenye shuka na kukimbilia dukani, hebu jua unachofanya. Unampulizia mdudu ambaye ukoo wake una uzoefu wa miaka themanini. Ukungu unaua wale wazembe walio juu. Wengine wanaingia kwenye ufa wa ukuta, kwenye soketi, kwa jirani. Mayai hayashtuki sana, yanaanguliwa baada ya wiki moja au mbili, na kunguni mzima anaweza kukaa miezi bila kula akikusubiri. Jirani naye anapuliza, wanarudi kwako. Ploti nzima inapuliza kwa zamu, kila mtu kwa siri yake, kwa sababu ya ile aibu, na kila raundi inabakiza wale wagumu zaidi.

Halafu mtu anachoka na kununua dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kunyunyiza nyanya, anapuliza godoro analolalia mtoto. Hiyo usifanye. Zile dawa zilipimwa kwa shamba wazi, sio chumba cha futi kumi kwa kumi chenye dirisha moja. Hata kopo la kawaida, siku hizi gesi ya kusukuma dawa si Freon tena, kwa sababu Freon ilikuwa ikitoboa tabaka la ozoni na dunia ikakubaliana kuiacha kupitia Mkataba wa Montreal wa 1987. Mara nyingi badala yake wameweka gesi ya jamii ya ile ya kupikia, na inashika moto. Ukipuliza karibu na meko inayowaka, bomu linarudi kuwa bomu.

Kuna anayeniambia basi turudi kwa asili, tutumie pareto yenyewe, ua halisi. Ningependa sana iwe hivyo, kwa ajili ya mashamba ya kule juu. Lakini kilango ni kile kile. Kunguni aliyejifunza kuishi na nakala anaihimili asili pia, angalau kwa sehemu. Kinachomuua bila kubishana ni joto: nguo na shuka kwenye maji ya moto kweli kweli, pasi kwenye mishono ya godoro, nyuzi 50 na kuendelea, chumba hadi chumba, siku moja, ploti yote. Hiyo inahitaji mtu wa kwanza kugonga mlango wa jirani na kusema, nina kunguni, na wewe je?